Pateni ya Mgongo wa Wifi

Ana mabega lakini hana kichwa. Ana kifua lakini hapumui. Analala amekunjwa gizani, na siku akiamshwa anazaa gauni. Jibu lake nitawapa sasa hivi, maana nikiwaacha mlifikirie mtaifunga hadithi na kuanza kubishana: ni pateni, ile karatasi anayoilaza fundi juu ya kitambaa kabla hajashika mkasi.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mimi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Alikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyopasuka katikati, na kioo kirefu kilichomfanya kila mtu aonekane mwembamba kidogo. Wateja walikipenda kioo kile kuliko walivyompenda Fundi.

Karatasi ya kukatia pateni hakuinunua hata siku moja. Alitumia magazeti. Mteja akishapimwa, Fundi anafunua gazeti, anakata mgongo, kifua, mikono na kola, anatoboa kwa pini pale panapotakiwa mikunjo, kisha anazikunja na kuzitia kwenye sanduku la bati. Jina haandiki. Nilimwuliza, "Sasa utajuaje nani ni nani?"

Akasema, "Kwani wewe hukusoma?"

"Nimesoma hadi darasa la saba."

"Basi soma."

Nikachungulia lile sanduku siku nyingi mpaka nikamgundua. Pateni ya mwuza nyama ilikatwa kwenye ukurasa wa bei za mifugo. Ya mkunga ilikatwa kwenye pongezi za watoto waliozaliwa. Jirani yetu mmoja aliyekuwa akitishia kumshtaki kila mtu alikatwa kwenye habari za mahakamani, na mpaka anaingia kaburini hakujua kwamba suruali zake zote zilitoka kizimbani. Kila mtu Fundi alimtafutia ukurasa wake, akacheka peke yake, akakata.

Sasa nije kwa wifi yangu, dada yake Fundi, maana hadithi hii ni yake. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza matundu ya vifungo dukani. Alizaliwa na mgongo uliopinda. Bega la kushoto limepanda, la kulia limeshuka, na katikati pana kilima. Akivaa gauni alilokatiwa na kaka yake, unamwona mwanamke anapita. Akivaa la fundi mwingine unauona mgongo, mwanamke humwoni. Fundi alipofariki, Wifi alibaki na magauni yale yale, akayafua na kuyavaa mpaka la mwisho likawa jepesi hivi kwamba ungeweza kuchujia chai. Tukawapelekea mafundi wengine kitambaa. Mmoja alishona likapanda mbele kama pazia lililonaswa. Mwingine akashona likaning'inia upande mmoja, Wifi akajitazama, akalivua, akalifanya dekio.

Baada ya hapo akaacha kutoka. Sokoni haendi, misibani haendi. Kwenye kikundi chetu cha akina mama yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Sasa anaanzisha mwingine, tena chini sana, na wimbo unakufa kabla haujafika ubeti wa pili. Ukimwambia Wifi twende, anasema miguu inamuuma. Miguu yake mizima kabisa. Namfahamu.

Dawa yake ilikuwa moja, ile pateni. Na pateni haikuwepo nyumbani. Mwanangu mkubwa alikuwa amesikia kwamba maktaba ya chuo kikuu inatafuta magazeti ya zamani, yale ambayo hata wenye gazeti hawakubaki nayo, akawapelekea sanduku zima. Sote tulikubali, hata Wifi. Wakati ule alikuwa bado na magauni, na sanduku lilikuwa linakula nafasi chini ya kitanda.

Basi nikavaa viatu vyangu vya kufunga, nikaenda chuo kikuu.

Mlangoni walinipokonya mkoba kwa adabu, wakaufungia kabatini, wakanipa ufunguo. Wakaniambia nikanawe mikono na nisiguse chochote kwa kalamu ya wino. Nikawauliza kama kuna maiti ndani. Mwanamke mmoja aliyechomeka penseli kwenye nywele akatokea anatabasamu. Huyo ndiye mkutubi wa sehemu wanayoiita makusanyo maalumu.

"Karibu, Bibi. Unatafuta gazeti la tarehe ngapi?"

"Sitafuti gazeti, mwanangu. Natafuta mgongo."

Hakucheka. Alivuta kiti, akasema, "Wa nani?" Nikajua tutaelewana.

Alinipitisha ndani, na mimi macho yangu hayakutulia. Kulikuwa na chumba cha ramani, zimelala kwenye droo pana na nyembamba kama trei za mwoka mikate. Chumba kingine kilikuwa cha sauti tupu, kanda na sahani za santuri kutoka chini hadi juu, na mtu mmoja amevaa visikilizio anatikisa kichwa peke yake. Palikuwa na mabango ya michezo ya kuigiza, madaftari ya watoto wa shule wa zamani yenye makosa yao yote, na kwenye kabati la kioo vitabu vidogo kama viberiti. Nikamwuliza nani anasoma vile. Akasema, "Mtu mwenye subira." Kumbe maktaba ni kama nyumba. Sebuleni wanakaa wale wanaopokea wageni, na ndani wamo wale wasiotoka.

"Na hawa hawaazimwi?" nikauliza.

"Hawa hawatoki, Bibi. Anayewataka anawafuata."

Tukafika kwenye magazeti. Sanduku langu la bati lilikuwa limewekwa juu ya kabati, tupu, na nikalisalimia kimoyomoyo. Karatasi zenyewe zilikuwa kwenye majalada makubwa, zimepangwa kwa tarehe. Hapo nikaona kazi iliyopo. Fundi alimkatia mtu mmoja kwenye magazeti mengi. Kwa hiyo kifua cha mtu kilikuwa mwezi wa tatu, mkono wake wa kulia mwezi wa tisa, na kola imevuka mwaka. Watu wa mtaa wetu wote wametawanywa.

"Sisi tuliona habari tu," Mkutubi akasema. "Tulijua yalikatwa na fundi, lakini hatukujua alikata kwa mpango."

Nikamweleza mpango wa Fundi. Alichomoa penseli kichwani, akaitazama, akairudisha. "Subiri," akasema. "Unataka kuniambia nikitafuta kurasa za bei za mifugo, nitampata mwuza nyama?"

"Tena utampata na tumbo lake."

Tukampata. Alikuja vipande vipande kutoka kwenye majalada tofauti, Mkutubi akavipanga mezani, na akatokea mwuza nyama mzima, mpana vilevile. Yule binti alisimama akiiangalia meza kama mtoto aliyefunuliwa sufuria. Hakuniacha tena. Tukamtafuta mkunga, tukampata. Tukampata yule wa mahakamani.

"Sasa wifi yako," akasema. "Fundi angemweka wapi?"

Nikasema kwa uhakika, "Vipindi vya redio. Wifi ni mwimbaji." Tukatoa vipindi vya redio. Mgongo ulioibuka ulikuwa umenyooka kama mlango. Nikamtambua mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye habari zote zilianzia kwake. Nikasema basi hali ya hewa, maana mgongo wa Wifi hutabiri mvua vizuri kuliko serikali. Tukapata suruali ya mkulima. Tukatafuta ukurasa wa akina mama, ukurasa wa mapishi, ukurasa wa mashairi. Migongo yote ilikuwa imenyooka.

Kwenye ukurasa wa mafumbo tukakuta mgongo mdogo na kiuno kama cha nyigu.

"Huyu naye?" Mkutubi akauliza.

"Huyu ni mimi," nikasema. "Hicho kiuno kilikwenda wapi ndicho kitendawili chenyewe."

Jioni ikakaribia, chumba cha kusomea kikawa kinafungwa. Mkutubi akafunga jalada la mwisho akasema, "Bibi, nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Huu huu tunaokaa."

"Mji wenyewe tangu juzi hauna maji, lakini naupokea. Taabu ni moja. Nimepewa mji, na mwenye jibu ameshakufa."

Nilipofika nyumbani Wifi alikuwa uani, amejifunika shuka begani, anamenya viazi.

"Unanuka vumbi," akasema. "Umetoka wapi?"

"Nilikwenda kukutafuta. Nimekuta mtaa mzima, wewe hupo."

"Mimi nipo hapa nakumenyea viazi, na wewe unanitafuta mjini. Ndiyo maana kaka yangu alikukata kwenye mafumbo."

Nikaketi. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua ya kila mtu, isipokuwa yangu. Nilimwuliza siku moja, Kaka, mimi umenikata kwenye nini? Akanijibu, 'Nimekuweka mahali ambapo hata asiye na hela ya gazeti anasoma.' Nikamwambia hilo si jibu. Akasema basi si jibu, akaendelea kushona."

"Na hukufikiria zaidi?"

"Wifi, nikianza kufikiria maneno yote ya kaka yangu, viazi vitamenywa na nani?"

Mimi nilifikiria. Nililala nalo, nikaamka nalo. Mahali ambapo hata asiye na hela ya gazeti anasoma. Nikawaza maktaba yenyewe, lakini Fundi hakuwahi kukanyaga maktaba. Nikawaza choo, maana wengine husomea huko vipande vilivyobaki, nikasema hapana, alimpenda dada yake.

Kesho yake nikiwa njiani kurudi chuoni nilipita kwa mwuza magazeti. Ameyaning'iniza kwa vibanio kwenye kamba kama nguo, na mbele yake wamesimama watu wamekunja mikono, shingo ndefu, wanasoma. Hakuna anayenunua. Mwuzaji anawaambia, "Mkimaliza mnigeuzie ukurasa," nao wanacheka na kuendelea. Nikasimama nyuma yao. Wote walikuwa wanasoma ukurasa mmoja tu, ule unaoonekana.

Nilifika maktaba sina pumzi. "Ukurasa wa mbele," nikamwambia Mkutubi hata kabla ya salamu.

"Lakini Bibi, kwenye sanduku kurasa za mbele hazikukatwa. Ziko nzima."

"Najua. Fundi alikuwa akizibandika ukutani dukani, wateja wasome wakisubiri, kisha anazibandua na kuzirudisha sandukuni. Hakuzikata kwa ajili ya mtu mwingine yeyote."

Mkutubi akapekua daftari la makusanyo. Kisha akasema polepole, "Upo mmoja. Mmoja tu ulikatwa. Na gazeti hilo halipatikani popote pengine, ndiyo maana tuliupeleka kwa Daktari kabla ya karatasi zote."

Daktari mwenyewe ni fundi wa karatasi. Ni mzee wa makamo, mpole, aproni imejaa gundi, na chumba chake kina brashi, mabeseni ya maji na chuma cha kukandamizia. Mkutubi alipomweleza tunachotaka alifurahi, akavuta droo, akatulazia mezani ukurasa wa gazeti uliokamilika, pembe nne, safi, umenyooka kama umepigwa pasi.

Nikauangalia. "Na mgongo uko wapi?"

"Mgongo gani?"

"Uliokatwa."

"Ulikuwa umekatwa vibaya sana, Mama," akasema kwa upole. "Upande mmoja juu, upande mmoja chini. Nimeuponya. Pale palipopungua nimejazia karatasi nyembamba. Mikunjo nimeinyoosha. Palikuwa na vitobo vingi vya wadudu, nimeviziba kimoja kimoja."

Miguu yangu ndiyo iliyouma siku ile kweli. Mtu huyu alikuwa ameukalia mgongo wa Wifi siku nzima kwa mapenzi yote, akaunyoosha. Mkutubi alimweleza pateni ni nini na vile vitobo ni vya nini. Daktari akashika kidevu.

"Wadudu gani wanatoboa kwa mstari?" Mkutubi akamwuliza.

"Hata mimi nilijiuliza," Daktari akasema. "Nikasema labda hawa wamekaa sana na magazeti, wamestaarabika."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Yeye hakucheka. Aliuinua ule ukurasa kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto aliyelala, akauweka juu ya meza ya kioo iliyokuwa kando ya ukuta. "Mama, kazi yetu ina sharti moja," akasema. "Kiraka kisijifanye karatasi ya zamani. Siku mtu akitaka kujua ukweli, awashe tu taa."

Akawasha taa chini ya kioo.

Gazeti la Fundi likawa la kahawia kama chai, na kiraka kikawa cheupe. Mgongo ukatokea katikati ya ule weupe, bega moja limepanda, jingine limeshuka, mkato wa mkasi wa Fundi unaonekana wote. Na vile vitobo vilivyozibwa viling'aa kama nyota, vimejipanga mstari wa kwenda juu, mstari wa kuzunguka, kila mkunjo mahali pake.

Tukainama watatu juu ya kioo.

"Lakini ni wa wifi yako kweli?" Mkutubi akanong'ona. "Au siku hiyo mkasi ulimteleza tu?"

"Mkasi haukumteleza," nikasema. Lakini na mimi nilitaka kujua. "Nipeni niende nikampime."

Wakatazamana. Nikakumbuka mwenyewe. Hawa hawatoki, anayewataka anawafuata. Nikasema, "Basi mgongo utakuja."

Kusema ni rahisi. Wifi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema miguu inamuuma.

"Miguu yako nitaibeba mimi."

"Niende mbele ya wasomi nikawageuzie mgongo? Mimi nimekuwa onyesho?"

"Huko kuna vitabu vidogo kama viberiti, hakuna atakayekutazama wewe."

"Unanidanganya, Wifi."

"Nakudanganya. Watakutazama. Lakini wamekaa na mgongo wako kwenye droo, wameutibu, wameunawia mikono. Mimi wananiuliza kila nikifika, yuko wapi mwenyewe? Nimechoka kukujibia."

Akamenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama kete. "Kaka aliniweka ukurasa wa mbele?"

"Tena peke yako."

Akaweka kisu chini.

Alikuja amejitanda shuka kubwa, akitembea kando ya ukuta. Daktari alikuwa ameshatengeneza nakala ya ukurasa ule, kwa ukubwa uleule, akaikata kwa kufuata ule mstari wa kahawia na kuitoboa penye nyota. Mikunjo hakuijua. Wifi mwenyewe ndiye aliyemwonyesha, akimshika kidole: hapa unakunja kwa ndani, hapa unaacha. Miaka yote dukani hakuwa amekaa bure. Kisha akavuta pumzi, akavua shuka, akanipa nikaishika. Akasimama katikati ya chumba na lile gauni lake la kuchujia chai, akatugeuzia mgongo.

Daktari akaweka karatasi. Nikamsaidia pini. Bega la kushoto likaingia mahali pake. La kulia likaingia. Pale katikati, ambapo kila fundi alishindwa, mikunjo ikafunguka kidogo, ikakizunguka kilima, ikatulia. Hapakuwa na pengo la kupitisha kidole.

"Imekaa?" Wifi akauliza bila kugeuka.

"Imekaa," nikasema.

Kisha akasema, "Imeandikwa nini?"

Mkutubi akasogea. Maandishi makubwa yalipita kutoka bega hadi bega, yakipanda kushoto. Akasoma: "Daraja jipya lafunguliwa. Watu wote wakaribishwa kupita."

"Na picha ipo?"

Picha ilikuwepo. Daraja lenyewe, lenye tao moja kubwa la mawe, lilikuwa limekaa juu ya kilima cha mgongo wake sawasawa, kana kwamba lilijengwa hapo. Nikamweleza. Nilimwona anatetemeka, nikadhani analia, nikamshika mkono. Alikuwa anacheka, pini zote zinacheza.

"Kaka yangu," akasema. "Tulipokuwa wadogo watu wakinikodolea macho njiani, alikuwa akiniambia, wacha watazame, siku moja nitawawekea cha kusoma. Nilijua ananibembeleza."

Gauni lilishonwa baada ya siku chache, na lilimkaa, na kikundi cha akina mama kimerudi kuanzisha nyimbo pale juu panapostahili. Mkutubi naye ameanza kuwakusanya watu wa mtaa wetu upya, kila mtu na mikono yake na kola yake, na huniita nikawatambue. Daktari amekoma kuziba vitobo kabla ya kuuliza.

Lakini siku ile, chumbani kwa Daktari hakukuwa na kioo. Wifi akasema anataka kujiona. Mkutubi akamwambia mwisho wa ukumbi kuna mlango mkubwa wa kioo. Nikamnyooshea shuka lake ajitande, akalitazama tu, akatoka hivyo hivyo na gazeti mgongoni.

Ukumbi ulikuwa na wanafunzi wamekaa pande zote na vitabu vyao. Mmoja akainua kichwa, akamgusa mwenzake, na wote wakageuza macho. Nilikuwa nyuma yake na shuka mkononi, nikajiandaa kumfunika. Midomo yao ilikuwa inatembea kimyakimya. Walikuwa wanasoma. Wifi aliwaona kwenye kile kioo cha mbele. Akapunguza mwendo ili wamalize.